Mnataka Yr Wyddfa, mimi nataka siku moja tupu

Siku tupu kwenye ratiba si uvivu. Hii sentensi nimeiandika kwenye grupu yetu ya WhatsApp mara nne wiki hii, na mara zote nimejibiwa na stika. Sasa naiandika hapa, kwa urefu, ndio asiseme mtu hakuona.

Kwa wale wapya: Juni tunaenda Wales. Sisi watatu tunatoka Nairobi, wa nne ni binamu yangu ambaye anaishi Swansea na anafanya kazi kwenye makao ya wazee. Tunavuka vilima vya katikati ya Wales kwa baiskeli, kutoka Knighton, mji ulio kwenye mpaka wa Wales na Uingereza, hadi Machynlleth, karibu na bahari upande wa magharibi. Njia tunayofuata kwa sehemu kubwa inaitwa Trans Cambrian Way. Ni kama kilomita 160, nyingi zikiwa nje ya lami: njia za farasi, barabara za mashambani, misitu, nyasi na matope.

Binamu amepewa siku sita za likizo. Moja ya treni ya kwenda, tatu za kukanyaga, moja ya kurudi. Hizo ni tano. Ya sita ndiyo imeleta vita.

Jamaa wawili wa grupu, na wengi wenu mnaoniandikia, mnataka hiyo ya sita tuipeleke kaskazini tukapande Yr Wyddfa, ule mlima ambao wengi bado wanauita Snowdon. Turushe droni jua likichomoza, basi, video imejipa. Mimi nataka ibaki tupu. Hakuna mlima, hakuna mji, hakuna kitu. Na najua vizuri video ya Yr Wyddfa ingefika mbali kuliko video ya kondoo wamesimama kwenye mvua. Mimi ndiye hukesha nikiangalia hizo namba, si nyinyi.

Kuna hoja naisikia sana: "Buda, hivyo ni vilima tu." Ukiangalia karatasi, ni kweli. Yr Wyddfa ndio mrefu kuliko yote Wales na una mita 1,085. Katikati ya Nairobi ni zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Yaani ukisimama steji ya Odeon ukingoja matatu, uko juu kuliko kilele cha Wales kwa zaidi ya mita 500. Nimecheka pia.

Lakini baiskeli haijui uko mita ngapi juu ya bahari. Inajua tu kama unapanda au unashuka. Njia yetu inapanda jumla ya zaidi ya mita 3,000 kwa siku tatu, na haikupi zote pamoja ndio umalize usahau. Unapanda, unashuka ulichopanda, unakuta geti, unapanda tena. Na hayo mageti si utani. Wales ina watu kama milioni 3 na kondoo kama milioni 9. Kondoo wana uzio, uzio una geti, na kila geti unashuka, unafungua, unapitisha baiskeli yenye mizigo, unafunga, unapanda. Geti ulilokuta limefungwa unaliacha limefungwa. Ukifanya hivyo mara thelathini kwa siku, hata yule mwenye mapaja ya Ngong Hills ataanza kuongea peke yake.

Halafu maji. Bonde la Elan, ambalo tunalipita siku ya pili, hupata kama milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Nairobi. Na si mvua yetu ya kushuka kwa hasira saa moja halafu jua. Ni ile ya kunyunyiza kuanzia asubuhi hadi usahau kama kulikuwa na asubuhi. Juu ya vilima udongo ni mweusi, unashika maji kama sifongo, na gurudumu likiingia hapo unasukuma.

Sasa fanya hesabu na mimi. Kilomita 160 kwa siku tatu ni kama 53 kwa siku. Kwenye lami ya Magadi Road hizo ni za kabla ya chai. Kwenye nyasi mbichi, na mizigo, mimi nahesabu kilomita 8 kwa saa. Hiyo ni saa sita na dakika arobaini za kukanyaga na kusukuma. Ongeza mageti, kula, pancha, kubishana kuhusu ramani: ni saa tisa au kumi. Uzuri wa Juni ni kwamba huko kuna mwanga hadi saa tatu na nusu usiku, kwa hivyo inawezekana. Lakini angalia hiyo kasi ya 8 nimeitoa wapi. Si kasi yangu. Si kasi ya yule jamaa wetu wa kupeleka chakula mjini, ambaye anapita magari Waiyaki Way. Ni kasi ya binamu, ambaye alianza kuendesha miaka miwili iliyopita kwenye ile njia tambarare ya ufukweni kutoka Swansea kwenda Mumbles.

Nimeona watu wakipanga safari kwa wastani wa kundi. Wanajumlisha, wanagawanya, wanapata namba nzuri ambayo haimfai mtu yeyote. Wa mbele anafika mapema, anapoa, anakasirika. Wa nyuma anafika gizani. Ukichukua kasi ya aliye nyuma, kila mtu anafika.

Na hili si wazo langu la kisasa. Hizo njia tutakazopita, nyingi zilikanyagwa na wachungaji waliokuwa wakiswaga ng'ombe kutoka vilima vya Wales kwenda kuuza Uingereza, hadi soko la Smithfield, London. Kabla ya reli, hiyo ilikuwa biashara kubwa. Ng'ombe walipigiliwa viatu vya chuma ili wastahimili njia. Bata bukini nao walitembezwa: walipitishwa kwenye lami ya moto kidogo kisha mchanga, miguu ikapata soli. Siku nzuri waliswaga kama kilomita 25 hadi 30, si zaidi, kwa sababu ng'ombe aliyeharakishwa anafika sokoni amekonda na bei imeanguka. Mwaka 1799 mmoja wao, David Jones, alifungua benki kule Llandovery kwa pesa za hiyo biashara, Benki ya Ng'ombe Mweusi. Mtu yeyote aliyekulia Kajiado haitaji kuelezwa hii. Mwendo unapangwa na mnyama mchovu, si na mchungaji.

Nije kwenye ramani, maana hapo ndipo mnaponiuliza sana, "Si uweke tu kwa simu ikuchoree?"

Nimejaribu. Niliweka Knighton, nikaweka Machynlleth, nikachagua baiskeli ya milimani. Programu ikanichorea mstari safi kwa sekunde chache. Halafu nikakaa chini na ramani ya Explorer ya Ordnance Survey, kipimo cha 1:25,000, nikafuata ule mstari kwa kidole. Mahali patatu uliingia kwenye njia ambayo baiskeli hairuhusiwi. Pamoja ulivuka shamba la mtu bila njia yoyote.

Hapa ndipo ile Jiografia Paper 1 iliyowatesa inarudi. Ile ramani ya 1:50,000 mliyopewa kwenye KCSE, sentimita 2 kwa kilomita, ina undugu kabisa na ramani za Landranger za huko. Ramani nyingi za Kenya za kipimo hicho zilichorwa zamani na ofisi ya Waingereza ya upimaji wa ng'ambo. Kwa hivyo kama ulijua kusoma mistari ya mwinuko, ikikaribiana ni mteremko mkali, ikiachana ni tambarare, tayari uko mbele ya mtu anayefuata mshale wa bluu kwenye simu.

Kitu ambacho hatukufundishwa ni vistari vya kijani. Kwenye Explorer, vistari vifupi vya kijani ni njia ya miguu: tembea, usiendeshe. Vistari virefu vya kijani ni njia ya farasi, na hapo baiskeli inaruhusiwa tangu sheria ya 1968, mradi uwapishe wanaotembea na walio juu ya farasi. Misalaba midogo ya kijani ni njia ya wote, hata magari. Na vistari vyeusi? Hivyo vinakwambia tu kwamba kuna njia hapo. Havikwambii una haki ya kuipita. Kistari kifupi na kistari kirefu tofauti yake ni milimita, na siku yako nzima iko hapo katikati.

Wales ina kama kilomita 33,000 za njia za umma. Zinazoruhusu baiskeli ni kama moja kwa tano. Mimi binafsi naona ni sheria ya ajabu. Scotland, kisiwa hicho hicho, tangu sheria yao ya 2003 unaweza kupita sehemu nyingi kwa baiskeli ukiwa na adabu. Serikali ya Wales iliomba maoni ya watu mwaka 2017 kuhusu kufungua njia zaidi, na bado kistari kifupi ni kistari kifupi. Kuna njia za miguu pana kama barabara ya murram ambazo huruhusiwi, na kuna njia za farasi ambazo farasi mwenyewe angekataa.

Jamaa wetu wa droni anasema basi tupite tu, nani atatuona. Kwa kawaida si jinai, ni kesi kati yako na mwenye shamba. Sawa. Lakini fikiria picha yenyewe: watu wanne weusi katikati ya malisho ya mtu, nje ya njia, droni juu inatisha kondoo. Labda mwenye shamba atacheka atuonyeshe njia. Labda hatacheka. Sisi watatu baada ya siku chache tuko kwenye ndege. Binamu anabaki. Kibali chake cha kukaa kimefungwa kwenye kazi yake, na hahitaji hadithi yoyote yenye jina lake ndani. Kwa hivyo mstari wetu unapita kwenye vistari virefu na misalaba peke yake, hata pale unapozunguka kilomita nne kukwepa mita mia sita.

Siku ya kwanza ni Knighton hadi Rhayader. Ni vilima vya nyasi, vya wazi, vya kupendeza, na sina mengi ya kusema kuhusu siku hiyo ila kwamba ni ndefu na mkiondoka saa nne mmejimaliza. (Stesheni ya Knighton, kwa taarifa yenu, iko upande wa Uingereza. Unashuka treni nchi moja, unakunywa chai nchi nyingine.)

Siku ya pili ndiyo naisubiri. Kutoka Rhayader unaingia Bonde la Elan, kwenye mabwawa. Jiji la Birmingham lilikuwa linakua na maji yake ni machafu, likapata sheria mwaka 1892 ya kuchukua bonde hili. Kazi ilianza 1893, mabwawa yakafunguliwa 1904, na maji yanateremka yenyewe kama kilomita 118 hadi jijini. Zaidi ya watu mia moja waliokuwa wakiishi bondeni waliondolewa, na fidia walipewa wenye ardhi tu. Nyumba, shule, kanisa, vikaenda chini. Mimi hufungua bomba langu Nairobi na sehemu kubwa ya maji inatoka Ndakaini, Murang'a. Nataka kusimama juu ya hayo mabwawa nikiwa mtu wa upande wa Birmingham kwenye hiyo hadithi, maana ndio upande wetu, tusijidanganye.

Na kuna zawadi hapo. Ile reli iliyobeba mawe ya kujengea mabwawa iling'olewa, na tuta lake sasa ni njia laini ya baiskeli, kama kilomita 14, kutoka Rhayader hadi bwawa la Craig Goch. Haina mwinuko wa kuua kwa sababu treni haiwezi kupanda mwinuko wa kuua. Wajuaji wanaipita pembeni wakitafuta njia ngumu zaidi juu ya kilima. Sisi tutaitumia mpaka mahali pa kukata kushoto kuelekea Claerwen, lile bwawa kubwa la mwisho lililofunguliwa 1952, kisha tufuate ile barabara ya mawe kando ya ziwa, tukitoka upande wa pili wa milima.

Kuna sehemu moja nimeikata, na hapo pia nimelaumiwa. Inaitwa njia ya Strata Florida, inafuata mto Tywi ukiwa bado mchanga, na unavuka maji tena na tena. Kwenye video ni tamu balaa. Maji yanaruka, watu wanapiga kelele. Shida ni kwamba kina cha hivyo vivuko hakiko kwenye ramani, kiko mawinguni. Ikinyesha usiku, kilichokuwa cha goti kinakuwa cha kiuno, na ukishavuka vitatu hujui kama cha nne kitakubali au cha tatu kitakurudisha. Mtandao huko ni wa kubahatisha. Huko Uingereza yote unaweza kujisajili ili utume ujumbe mfupi kwa 999 pale simu haitoki, na binamu ameshajisajili, lakini sitaki mpango ambao unaanza na namba ya dharura.

Kila siku ina mlango wa kutokea. Hiki ni kitu ningependa kila mtu anayepanga njia aanze nacho, hata kama ni Karura tu. Kabla sijaweka alama mahali pa kula, nimeweka alama mahali pa kuacha. Kila baada ya kilomita kumi na tano hivi nauliza: mtu akiumia goti hapa, lami iko wapi, inateremka kwenda mji gani? Pale ambapo jibu ni "hakuna", kama sehemu kati ya Claerwen na Teifi Pools, tunapita mapema mchana na tukiwa tumeshiba. Juu ya Cwmystwyth kuna vibanda vya mawe vinavyotunzwa na watu wa kujitolea wa Mountain Bothies Association, kama Nant Rhys na Nant Syddion. Ni bure, hakuna umeme, hakuna kuweka nafasi. Hatujavipanga kulala. Vimewekwa alama tu, maana kupiga hema popote unapotaka Wales bila ruhusa ya mwenye ardhi hakuruhusiwi, na mtu aliyelowa saa mbili usiku hana nguvu za kutafuta mwenye ardhi.

Siku ya tatu ni kutoka Llangurig kupita msitu wa Hafren, kando ya Glaslyn, halafu ule mteremko mrefu kwenda Machynlleth. Hapo jamaa wa droni atapata video yake. Nimemwachia saa nzima.

Turudi kwa siku ya sita. Nitakuwa mkweli kwa upande wa pili: hoja yao ina nguvu. Kwenye Yr Wyddfa kuna makubaliano ya hiari kwamba kuanzia 1 Mei hadi 30 Septemba baiskeli zisiwe kwenye zile njia za farasi za kwenda kileleni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni. Ukienda alfajiri hujamkosea mtu. Mwanga upo. Miguu, wanasema, itakuwa imezoea. Na nani anajua kama tutapata viza na nauli mara ya pili? Hiyo ya mwisho inaniuma hata mimi.

Lakini nilimpigia binamu kabla ya kuandika haya. Nikamwuliza, "Dada, tukichelewa siku moja itakuwaje?"

Akasema, "Usiniulize kama tutachelewa. Niambie tukichelewa nitafika kazini aje. Jumatatu saa moja asubuhi niko zamu, na kuna wazee wanne wananingoja niwaamshe."

Tukiijaza siku ya sita, basi ratiba yote inasimama kwenye kitu kimoja: kwamba kwa siku tatu, Juni, katikati ya Wales, hakutanyesha vibaya, hakuna cheni itakatika, hakuna tumbo litavuruga, na mtu wa nyuma hatachoka. Ikitokea moja tu, anayelipa si mwenye droni. Siku tupu ni ya kulala Rhayader mchana mzima mvua ikitwanga. Ni ya kugawanya siku ya pili iwe mbili. Na kama hatutaihitaji, tutakaa Machynlleth tufue nguo, tule, tukaone mahali ambapo Owain Glyndŵr aliitisha bunge lake mwaka 1404.

Wanaosema tutajuta wanasahau kitu kimoja kuhusu treni. Hakuna reli inayoshuka moja kwa moja magharibi mwa Wales kutoka Machynlleth hadi Swansea. Unaingia Uingereza, Shrewsbury, ndipo unarudi kusini. Na nafasi za baiskeli kwa kawaida ni mbili kwa treni. Sisi ni wanne. Kwa hivyo nimeshapanga tusafiri wawili wawili, treni tofauti. Binamu yuko kwenye ya kwanza pamoja na mimi. Droni inakuja na ya pili.